Tarishi Aliyekimbia Mara Mbili

Nilianza kukimbia kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane na kujifunza kupiga taipu misheni, na nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kuajiriwa katika ofisi ya serikali pale Lushoto mjini. Uhuru ulikuwa bado mpya. Wazungu waliokuwa wakikalia zile meza walikuwa wameondoka mmoja mmoja, na kila ofisi ilikuwa ikitafuta watu wa kuzikalia. Baba yangu, mkulima wa kabichi na viazi, aliniruhusu kuajiriwa kwa sharti moja: jioni nirudi nyumbani. Hakutaka kusikia habari ya binti yake kupanga chumba mjini.

Kijiji chetu kiko juu ya mji, upande wa Magamba. Barabara huzunguka sana kabla ya kufika mjini, kwa hiyo watu wa kwetu tulishuka kwa mkato, njia nyembamba inayoacha barabara kwenye kona kubwa, ikapita msituni, ikavuka mto na kutokea nyuma ya uwanja wa mpira. Hata kwa mkato ilikuwa zaidi ya saa nzima kwa mguu. Na kabla ya kuondoka nilikuwa na maji ya kuchota na ng'ombe wetu mmoja wa kukamua, kwa sababu mama hakuona kwa nini mshahara unifanye mgeni nyumbani kwake.

Mwezi wa pili karani mkuu aliniita mezani kwake.

"Kazi inaanza saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, bwana."

"Kesho ukiingia baada ya saa moja na nusu, usikae. Geuka urudi kwenu."

Kesho yake ng'ombe alipiga ndoo teke, maziwa yakamwagika, nikapoteza muda kusafisha. Nilishuka njiani nikilia. Nilikuwa nimevaa gauni la ofisi, viatu mkononi, na nilikuwa najua kabisa kwamba sitawahi.

Nyuma yangu nikasikia miguu. Alikuwa tarishi wa ofisi yetu. Nilimjua kama kila mtu alivyomjua: mzee mwembamba wa miaka hamsini hivi, kaptula ya kaki, mkoba wa turubai begani, katambuga za tairi miguuni. Alikuwa amepeleka barua za serikali tangu enzi za Mwingereza. Gari la ofisi lilikuwa moja na mara nyingi lilikuwa limelala kwa fundi, basi barua za Mlalo, za Mtae, za Shume, zilikwenda kwa miguu yake. Nyumba yake ilikuwa kilima cha pili juu yetu. Nilikuwa nimezoea kumwona akinipita kila asubuhi, nami nikimsikitikia kwamba mtu mzima kama yule analazimika kukimbia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Njia hii watu hawalii bure. Nani amefariki?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alitazama juu, kwenye mwanga uliokuwa ukiingia kati ya miti, kama wengine wanavyotazama saa.

"Tunafika," alisema. "Lakini si kwa mwendo huo. Wewe unatembea kwa hasira. Njoo nyuma yangu, weka mguu pale ninapotoa wangu."

Nikamfuata. Nilidhani atatoka mbio, kumbe alikwenda polepole mno, karibu niseme tumerudi kutembea. Hatua zake zilikuwa fupi, mikono iko chini, mabega yametulia. Nilitaka kumpita. Baada ya muda mfupi nikawa nahema kama mvukuto, na yeye bado yuko palepale, hatua mbili mbele yangu, mwendo uleule. Tulipofika mtoni hakupunguza. Tulipopanda ule mwinuko wa ng'ambo hakupunguza pia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule haukuwa mwendo wa polepole.

Niliingia ofisini saa moja na dakika ishirini na tano. Karani mkuu alinitazama miguu iliyojaa udongo, akatazama saa ya ukutani, akarudi kwenye makaratasi yake.

Tangu siku hiyo nikawa namsubiri tarishi kwenye kona kila asubuhi. Mafunzo yake hayakuwa mengi. Alinikataza kukimbia kimya. Aliniuliza habari za nyumbani, viazi vimeotaje, mama anaendeleaje, na nilipaswa kujibu huku tunakwenda. "Ukishindwa kuitikia, umezidisha," alisema. "Punguza mpaka uweze kuitikia."

Hilo la kuitikia lilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyofikiri, kwa sababu tatizo la kukimbia kwetu halikuwa miguu. Lilikuwa salamu. Asubuhi njia ile ilijaa watu: akina mama wenye mizigo ya kabichi na karoti wakienda sokoni, wazee wanaokwenda kuangalia mashamba ya bondeni. Kila mmoja wao alistahili shikamoo yake, na baada ya shikamoo kuna habari za kulala, habari za watoto, habari za ng'ombe, zote kwa Kishambaa na zote kwa utaratibu wake. Msichana anayempita mzee mbio bila kusimama ni msichana aliyekosa malezi. Wiki ya kwanza mama alishaletewa habari zangu na watu watatu. "Wanasema unakimbia kama umeiba," aliniambia. "Na wanasema husalimii."

Nilimweleza tarishi. Akasema nimwangalie yeye.

Nikamwangalia. Akiona mtu kwa mbali, hatua thelathini hivi, alianza kusalimia kwa sauti kubwa, huku akikimbia. Tukifika usawa wa yule mtu walikuwa wameshafika kwenye watoto. Alimaliza habari za ng'ombe akiwa ameshampita, bila kugeuza kichwa, na yule mtu nyuma yetu bado anamwitikia na kucheka. Hakuruka neno hata moja. Wazee walimpenda kwa hilo. Nami nikajifunza kusalimia hivyo, kwanza kwa aibu, sauti ikinikatika, kisha vizuri. Mwezi ulipokwisha mama hakuletewa tena habari, ila mwanamke mmoja muuza karoti alimwambia kwamba binti yake anatoa shikamoo kama kengele ya kanisa. Sisi ni Waislamu, lakini mama alilipokea kama sifa.

Sijui nieleze vipi kilichonipata mwilini miezi ile. Nilikuwa nimelelewa kujua kwamba miguu ni ya kufikia mahali. Sasa nilianza kuitamani ile njia kabla sijafika. Kulikuwa na sehemu, ukishavuka mto, ambapo pumzi ilijipanga yenyewe, na hapo hata mvua ya masika haikunisumbua. Nilifika ofisini nimeamka kabisa, vidole vyepesi kwenye mashine, wakati wenzangu wa mjini bado wanapiga miayo juu ya chai.

Na nilianza kuelewa kazi ya yule mzee. Mimi nilikuwa nafika mjini nikakaa. Yeye alikuwa anafika, anachukua barua, anaondoka tena. Siku ya Mlalo alirudi jioni. Siku ya Mtae alilala huko, akarudi kesho yake kabla ya adhuhuri. Mwaka ule mvua ilipoporomosha kilima juu ya barabara na magari yakakaa siku kadhaa bila kupita, barua za kule hazikuchelewa. Nilimwona siku moja ameingia ofisini tope limempanda hadi kifuani. Alifungua mkoba, akafungua kipande cha plastiki ndani yake, akatoa barua za majibu na kuziweka mbele yangu. Zilikuwa kavu kama zimetoka dukani. Karani mkuu alizipokea akazitia kwenye faili. Nilitaka kusimama nimpe mzee kiti changu, lakini alikuwa ameshatoka nje kuosha miguu bombani.

Kisha likaja Azimio la Arusha, na sote tukawa ndugu. Karani mkuu akawa ndugu karani mkuu. Sherehe za Uhuru za mwaka ule zilipangwa kuwa kubwa: ngoma, gwaride la shule, na mbio ndefu kutoka uwanjani Lushoto kwenda Magamba na kurudi, kwa barabara. Wanawake tulipangiwa mashindano ya kubeba debe la maji kichwani kuzunguka uwanja. Mimi sikupangiwa hata hilo. Nilipangiwa meza, penseli na daftari, kuandika majina ya wanaume watakaofika, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka na mwamuzi alikuwa karani mkuu.

Tarishi alijiandikisha. Vijana wafanyakazi wa msitu wa Shume, waliokuja kwa lori wakiimba, walimwuliza kama amekuja na barua. "Ninayo," alisema, "nitawaachia Magamba." Walicheka, naye akacheka.

Walianza watu hamsini na kidogo. Walipotoweka kwenye kona ya kwanza yeye alikuwa wa nyuma kabisa, mwendo wake uleule wa kila asubuhi. Niliona watu wakimwonyesha kidole. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliosimama karibu na kamba, kofia yake ya viua kichwani, na sikuweza kujua anafikiri nini.

Tulisubiri. Ngoma zilichezwa, maji yakabebwa, debe likaanguka. Ndipo kelele zikaanza upande wa barabara. Mkimbiaji wa kwanza alikuwa anaingia, peke yake, hakuna mwingine nyuma yake. Alikuwa tarishi.

Uwanja ulilipuka. Akina mama wa sokoni walipiga vigelegele kana kwamba wamemzaa wao. Nami nilipiga kelele, nikasahau penseli. Alivuka kamba, lakini hakunyosha mkono wala kutabasamu. Alikuja moja kwa moja mezani kwetu, ameshika kiuno.

"Usiandike," aliniambia. Kisha akamgeukia karani mkuu. "Ndugu, nimepita mkato."

"Umepita wapi?"

"Kwenye kona kubwa. Sikukusudia. Miguu imezoea. Nimekuja kushtuka niko mtoni."

Karani mkuu aliinama, akashusha sauti. Alikuwa mtu mkali, lakini siku hiyo nilimwona anataka kumsaidia. "Mzee, kuna aliyekuona?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi nimepita mkato," alisema tarishi, kwa upole, kama anamrudia mtu asiyesikia vizuri.

Karani mkuu akasema hana la kufanya ila kumfuta. Mzee alikubali. "Nifute kwenye nafasi ya kwanza. Lakini naomba nirudi nikaimalize. Napanda kwa mkato mpaka pale nilipopotea, nashuka kwa barabara kama wenzangu. Nikifika, uniandike kwamba nimemaliza. Hata wa mwisho."

"Na nitajuaje kwamba umefika pale juu?"

Mzee alitazama chini, kwenye katambuga zake. Katika miaka yote ya kubeba barua nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa kama kweli amefika.

Niliweka penseli chini. "Nitakwenda naye," nilisema.

"Wewe?"

"Najua pale njia zinapoachana. Tunapita kila siku."

Sikusubiri ruhusa, kwa sababu niliogopa kwamba nikisubiri nitamkumbuka baba. Nilivua viatu nikavisukuma chini ya meza, nikafunga khanga kiunoni juu ya gauni, na tukaondoka. Nyuma yetu watu walikuwa wanaulizana kuna nini, kwa nini mshindi anakimbia tena, na yule msichana anakwenda wapi naye.

Kupanda kwa mkato ilikuwa kama maili moja. Nusu ya njia tulisikia kelele mpya kutoka uwanjani, nikajua vijana wa Shume wameingia na kwamba zawadi imekwisha kupata mwenyewe. Nilimtazama usoni nione kama ameumia. Alikuwa anatazama mawe ya njia tu.

Pale kwenye kona kubwa aligusa kwa mkono jiwe la pembeni, akaniambia, "Umeona?" Nikasema nimeona. Tukageuka tukashika barabara. Wakimbiaji wa nyuma walikuwa bado wanateremka. Tulimkuta mwalimu mmoja kijana anatembea ameshika ubavu.

"Mzee," alisema, macho yamemtoka, "wewe si ulikuwa mbele?"

"Nilikuwa mbele kwa makosa," alijibu tarishi, tukampita.

Barabara ile ilikuwa maili mbili na nusu, na tope la vuli. Tulipita watu saba au wanane. Lakini kabla ya nyumba za kwanza za mji nilianza kusikia pumzi yake. Sikuwahi kuisikia kabla. Alikuwa amekimbia Magamba na kurudi, amepanda tena, na sasa alikuwa anashuka tena, na alikuwa mtu wa miaka hamsini. Wanawake waliokaa mbele ya duka walimsalimia, naye akafungua mdomo, sauti isitoke. Nikaitikia mimi kwa niaba yake, habari zote, hadi za ng'ombe. Alinitazama kwa jicho la pembeni, nadhani kwa shukrani, ingawa hatukulizungumza baadaye.

Tulipofika mlango wa uwanja, mgeni wa heshima alikuwa jukwaani anahutubia. Nilipunguza mwendo nimwache mzee aingie.

"Tangulia," alisema.

"Hapana, baba."

"Tangulia wakuone. Mimi walishaniona."

Nikatangulia. Niliingia uwanjani miguu mitupu, gauni la ofisi limejaa tope, mbele ya wilaya nzima na mbele ya baba yangu, na mzee hatua tano nyuma yangu. Kwanza walicheka. Kisha habari ikawa imezunguka, kwa maana nilisikia mtu akiwaambia wenzake, "Ndiye aliyejishtaki mwenyewe," na kicheko kikafa, wakaanza kusimama. Mgeni wa heshima alikatiza hotuba yake. Hakujua kilichotokea, lakini alipoona watu wanapiga makofi naye akapiga.

Karani mkuu alikuwa ameshika penseli yangu. Alimwandika mzee wa thelathini na moja, kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaniuliza: "Amegeukia pale penyewe?" Nikasema ndiyo, ameligusa jiwe. Mimi hakuniandika popote. Hakukuwa na safu ya kuniandika.

Jioni, nyumbani, tulikula bila mtu kugusia jambo lile. Mama aliniongezea ugali mara mbili. Baba alinawa, akaegemea ukuta.

"Ulimpita mtu mzima," alisema.

"Aliniambia nitangulie, baba."

"Hata kama. Ukiambiwa tangulia, unakataa."

"Nilikataa."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Unakataa mara mbili." Mama alikuwa amegeukia moto, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kisha baba akasema, kama anazungumza habari za mvua, "Lakini nilikuangalia. Ulikuwa huhemi."

Baba yangu hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo, na sikuhitaji zaidi.

Niliendelea kukimbia. Nilipohamishiwa kwenye elimu ya watu wazima, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilikuwa na madarasa katika vijiji vitatu vilivyoachana kwa vilima, na niliyafikia yote kwa miguu. Nilikimbia nikiwa mchumba, nikakimbia nikiwa mke wa mtu. Mume wangu alinizoea mapema. Ofisi ilipopata pikipiki, tarishi alistaafu, akapanda miplamu na mipeasi nyuma ya nyumba yake, na alipofariki mimi nilikuwa nafanya kazi Korogwe. Nilipanda basi asubuhi ileile nikawahi maziko.

Nilishangaa watu waliokuja. Walitoka Mlalo, Mtae, Shume, hadi Walutheri wenye nyimbo zao walisimama pembeni ya kaburi kwa heshima. Nilikaa na akina mama. Aliyekuwa karibu yangu alikuwa bibi mmoja wa upande wa Mlalo ambaye sikumjua, na nilimwuliza alimjuaje marehemu.

"Aliniletea barua ya serikali," alisema. "Mwanangu alikuwa anafanya kazi Tanga. Mimi sijui kusoma, basi nikampa yeye aisome. Akaisoma kimya kwanza. Kisha akaweka ule mkoba chini, akaniambia mama, kaa."

Alikaa naye, alisema, mpaka majirani waliporudi kutoka mashambani. Alimchotea maji. Akawaeleza majirani msiba ulioletwa na ile barua ili yeye asilazimike kuueleza. Jua lilipoanza kuinama akachukua mkoba wake, akaaga, na wakamwona akipanda kile kilima mbio, kwa kuwa alikuwa na barua nyingine za kurudisha Lushoto.

Nikamwuliza ilikuwa mwaka gani. Hakukumbuka mwaka, lakini alikumbuka kwamba mvua ilikuwa imeangusha kilima na magari hayapiti. Nikahesabu moyoni. Miaka ile barua zote za ofisi zilizotoka kwenda Mlalo nilizipiga taipu mimi. Ile pia lazima niliipiga, nikaitia kwenye bahasha, nikaendelea na nyingine.

Sikumwambia. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo hadi dua ilipomalizika.